Artiste Mwenye Haimbi

Yaya Marcelline,

Balikuita. Ninajua uko wapi, mi mwenyewe nilitupa udongo kwenye kaburi lako. Lakini mama mumoja, mwanasaikolojia wa kutoka Lubumbashi, aliniuliza mu ofisi ya Masere, mutawa wa shule moja pale Manika: "Nani alikuona ukiwa mutoto mudogo, mwenye ninaweza kumuuliza habari zako?" Nami bila kuwaza nikajibu: yaya yangu, dada yangu mukubwa, Marcelline. Nilisema sawa mutu mwenye dada yake ametoka kidogo kununua chumvi. Mama yule akachukua kalamu, akaniomba namba yako ya simu. Ndipo nikakumbuka.

Basi ninakuandikia, juu ni wewe uliyepaswa kukaa kwenye kiti kile. Na bitu byenye bimepita tangu uende, sina mutu mwingine wa kumuelezea bila kunikata maneno. Wewe haukukuwa unanikata. Nilikuwa ninaweza kukusimulia habari ya uzi mubaya wa salopeti, zile nguo za kazi za bachimbaji, tangu kwetu Dilala mpaka sokoni, na ukasema tu: "Na kisha?"

Nianze na kilio chako, hata kama hautapenda.

Tension, presha ya damu, ilikuangusha mbele ya meza yako ya samaki, na kabla jua kushuka lupango yetu, kiwanja chote cha nyumba, ilikuwa imejaa. Bamama banalala chini kwenye mikeka, banalia, banaimba, banapiga bifua. Kila mwenye kuingia mulangoni anaanzisha upya. Yaya, masikio yangu yalitaka kupasuka. Nilikuja karibu ya sanduku, nikaona bamekuvalisha nguo ya nailoni, ile yenye kukuna shingo, nikataka kuwaambia, sauti ikakatala. Machozi nayo yakakatala. Nikatoka inje. Pale nikakuta biti bya plastiki byenye tulikodisha, byeupe na bya buluu, bimechanganyika ovyo, bingine bimelala. Nikaanza kubipanga. Byeupe upande wa ukuta, bya buluu upande wa barabara. Kilikuwa kitu kimoja tu nilichoweza kukufanyia siku ile bila kukiharibu. Batu bakuje kukulilia, bakae vizuri.

Mama Mudogo Pélagie, ule mudogo wa mwisho wa mama yetu, unamujua na sauti yake. Alisimama katikati ya lupango, akanionyesha kwa kidole.

"Mumuone. Dada yake amelala mu sanduku, ye anapanga biti. Hii ni roho ya mutu?"

Kama ungekuwa hai ungekuja nyuma yangu, ungeniambia polepole kwenye sikio, vile ulivyofanya maisha yote: "Odette, mukono. Sasa sema pole. Sasa keti. Sasa tunaenda." Mu harusi, mu kanisa, mu ofisi ya mutaa, kwa wakwe zako, ulinitangulia nusu hatua, ukanitafsiria batu. Siku ile ulikuwa pale pale, na haukusema kitu. Nilikukasirikia, Yaya. Ninakuambia juu we haukukuwa unaogopa hasira yangu.

Kisha kukuzika, jamaa ikakaa kikao. Mujomba Anselme mbele, na kofia yake kwenye goti. Neno lenye nilikuwa ninasikia kwa mbali mu mikeka ya bamama, siku ile likasemwa mbele yangu: bulozi, ule uchawi wa kukula batu. Kwamba Marcelline hakufa bure. Kwamba dada mwenye hana mume, mwenye haangalie mutu mu macho, mwenye hakutoa hata tone moja la machozi, njo mwenye alimukula. Mama Mudogo akaleta dawa yake: niingie mu chumba cha maombi ya kanisa lake, nifunge kavu, bila bukari wala maji, mpaka kile kitu kitoke. Nikikatala, nitoke mu chumba changu, mi na machine yangu ya kushona. Bakanipa muda mpaka siku ya kutosha kilio chako, ile ya kumaliza matanga.

Chumba kile, Yaya. Tata, baba yetu, alituachia nyumba ile ya kampuni na dirisha lake moja lenye kuangalia upande wa kusini. Bachimbaji ba Mutoshi banapiga hodi kwenye dirisha, bananipitishia salopeti zao nyekundu kwa vumbi, ninashona, ninabarudishia. Banapenda juu siulize maswali. Ninapenda juu habaingie. Nikitolewa pale ninaenda wapi?

Na kusema mi sina Mungu! Mi mwenye kuenda misa ya asubuhi. Misa ninaipenda juu haibadilike. Kila neno liko pahali pake, unajua wakati wa kusimama na wakati wa kupiga magoti, hakuna mutu anakuuliza "habari" akingojea ubuni jibu. Shida yangu ni pale tu pa kupeana amani, mikono inakuja toka pande zote. Mungu anajua, na hajalalamika.

Sasa sikia vile ilianza.

Masere Immaculée, mutawa wa ile shule ndogo ya batoto wenye kuwa na shida mbalimbali, aliniletea uniformu za kushona. Kisha siku chache akarudi na shati moja, kola imepasuliwa kwa meno. Alisema kuna mutoto musichana anazipasua zote, hatujui anataka nini. Nikamwambia kata ile lebo ya nyuma, na mushono uugeuze ukae inje, kitambaa kilaini kiguse ngozi, hata mi nguo zangu zote ziko vile. Masere akaniangalia. Akauliza zote? Nikamuonyesha blauzi niliyovaa. Akauliza makelele. Akauliza chakula. Akauliza kama, nikiwa kati ya batu, ninajiona sawa mutu anayesoma kitabu cha lugha ya wengine. Nikasema nilikuwa na mwenye kunisomea, lakini tumemuzika.

Njo akaniambia neno. Kwa Kifaransa, *autiste*; kwa Kiswahili cha bitabu, mwenye usonji. Alisema: "Mi si daktari, siwezi kukuwekea jina, lakini kuna mama anakuja toka Lubumbashi kuangalia batoto betu, nitamuomba akuangalie na wewe." Nilimwambia mi si mutoto, nywele zimeanza kuwa nyeupe. Alisema batoto ba zamani habakukufa wote, Odette, bengine bamekomaa tu bila mutu kuwauliza.

Nilirudi Dilala kwa miguu, moto, zile pikipiki za kubeba batu, zote zikinipita, neno lile mu kinywa sawa jiwe la baridi. Sikuwa na haya. Nilikuwa na furaha.

Makosa yangu ni kuisema mbele ya jamaa. Nilisimama, nikajishika mikono, nikasema vile ungenifundisha, kwa ufupi: Sitaenda mu chumba cha maombi. Masere anasema pengine mi niko *autiste*, kuna mama wa Lubumbashi atakuja kunipima.

Mujomba Anselme akatoa kofia kwenye goti. "Artiste?"

Nikasema ndiyo, *autiste*.

"Artiste wa nini? We, mwenye kwaya ya batoto ilikutosha inje juu ulikuwa unaziba masikio wenzako bakiimba?"

Yaya, lupango yote ikacheka. Hata bale bamama benye walikuwa bananiita mulozi bakajishika mbavu. Nilijaribu kusema hapana, si artiste, sikiliza vizuri, lakini mu kinywa cha kwetu maneno yale mawili ni mapacha, ukiyasema haraka hata mama yao hayatenganishe. Kesho yake mutu wa moto wa kwenye kona alinipigia honi: "Artiste, twende?" Mama wa mandazi akaniomba nimuimbie kidogo bei itashuka. Mama Mudogo peke hakucheka. Ye aliona kwamba watawa banataka kuingiza mutoto wa dada yake mu muziki ya dunia, mu bar, na jupe, ile sketi fupi, na nywele nyeupe. Akaapa itakuwa juu ya maiti yake.

Na wakati mama wa Lubumbashi aliniambia kwamba bila mutu mwenye aliniona mutoto hataweza kumaliza kazi, nilihesabu bazima. Mama amekufa. Tata amekufa. Wewe. Alibaki Mama Mudogo, mwenye alikaa kwetu akiwa msichana na akanibeba mgongoni. Nilimpigia simu. Nilimwambia tu: yule mama wa Lubumbashi anataka kukuuliza juu yangu. Akasema: "Atanisikia."

Alikuja na kitenge chake cha Pasaka na mukoba kifuani. Mama Clarisse, ndilo jina la mwanasaikolojia, ni mama mutulivu, anaongea Kiswahili cha Lubumbashi bila kujivuna. Alimsalimia, alimpa kiti. Mimi nilikaa pembeni, karibu ya dirisha. Hata swali la kwanza halikumalizika.

"Mama, mi nimekuja kukukomboa usipoteze wakati wako. Huyu hawezi kuwa artiste."

Mama Clarisse aliinua macho. Nadhani alielewa saa ile ile, juu niliona mdomo wake unacheza kidogo. Lakini hakurekebisha. Aliuliza: "Kwa nini hawezi, mama?"

Basi Mama Mudogo akafungua bwawa. Alisema tangu niko wa kutambaa ukipiga ngoma ninaingia chini ya kitanda. Kwamba wenzangu banacheza inje, mi ninapanga mifuniko ya chupa, nyekundu na nyekundu, kijani na kijani, ukitosha moja pahali pake ninalia mpaka ninatapika. Kwamba nilichelewa kusema, batu bakaona mi ni bubu, na siku nilifungua kinywa sikusema mama wala tata, nilisema maneno ya Padri, misa nzima, na sauti yake. Kwamba ukiniuliza "unasikia njaa?" ninajibu "unasikia njaa." Bukari na sombe bikigusana kwenye sahani, sahani inaruka. Kwamba siangalie mutu.

"Sasa niambie, mama. Artiste gani haangalie batu?"

"Kweli, mama. Na ile ya ngoma, ilianza na miaka ngapi?"

Alijibu yote. Kadiri Mama Clarisse alivyoandika, ndivyo Mama Mudogo alivyoona anashinda, na akaongeza. Alinikumbusha bitu nilikuwa nimebisahau. Alifurahi, Yaya, jasho lilimutoka. Mi nilikaa na kinywa kimefungwa, ninasikia maisha yangu yakisemwa na adui yangu bila kosa hata moja. Hakuna mutu amenipenda vile, kukumbuka rangi ya mifuniko. Nilitaka kucheka.

Kisha akasema ile.

Alisema: "Na tangu zamani alikuwa amemufunga dada yake, marehemu." Alieleza kwamba siku moja, mi ningali mudogo, Tata na mama bakapatana kunipeleka kwa mufumu mumoja, mganga wa ng'ambo ya mto, anichanje, anitoshe kile kitu. Mama amenivalisha, baiskeli iko tayari. We, Yaya, ulikuwa hujabadilisha hata meno yote. Ulijilaza kwenye kizingiti cha mulango, ukaziba njia yote, ukasema bapite juu yako. Tata akakupiga. Haukuinuka. Akakupiga tena. Ukasema: "Haiko mugonjwa. Anasema na mi." Bakakuuliza anasema nini, mutu mwenye hafungue kinywa? Ukajibu: "Anasema hataki." Mwishowe baiskeli ikarudishwa ndani.

"Unaona, mama? Mutoto musichana kukatala tata yake! Alikuwa amelogwa na huyu."

Yaya.

Miaka yote tumelala mu chumba kimoja na haukuniambia.

Nililia. Pale pale, kwenye ofisi ya shule, na picha za herufi kwenye ukuta. Si kilio cha kuimba, ni kile chenye kukosa pumzi, kamasi na yote. Sikulia ili Mama Mudogo anione. Kama ningeweza ningengoja aende. Alinigeukia, kinywa wazi, akauliza kwa sauti ndogo, kumbe unajuaka kulia? Mama Clarisse akanipa maji. Hakuna aliyenigusa, na ninabashukuru.

Tuliitwa tena, sisi wawili, kisha mama yule kumaliza kunipima mu siku zingine. Akasema ndiyo. Akasema wazi, kwa jina langu: Odette, uko *autiste*, tangu tumboni. Akamugeukia Mama Mudogo, akamuelezea pole pole kwamba si artiste, ni neno lingine. Kwamba si pepo, si ugonjwa wenye kukamata mutu jana. Kwamba kichwa changu kimejengwa kwa namna yake, kinasikia kwa nguvu, kinapenda mpango, hakisome nyuso, na kinapenda batu bila kujua kuonyesha. Akamwambia: "Ni wewe ulinisaidia kujua, mama. Ulikumbuka vizuri sana."

Mama Mudogo alifungua mukoba wake, akaufunga tena.

"Kwa hiyo haimbi?"

"Haimbi, mama."

"Mungu asifiwe."

Njo byote alivyosema. Tulirudi kila mutu na moto yake.

Jamaa ikakaa tena. Siku hii sikujishika mikono, niliiacha ikafanya vile inapenda, ikacheza kwenye kitenge. Nilibaambia hivi, ninakuandikia sawasawa: mi sina kitu cha kutoshwa. Mungu aliponitengeneza hakuwa amesinzia. Mwenye kutaka kuniombea, aniombee, sala sikatale, lakini aniombee nikiwa nimekula. Na kwenye chumba sitoki. Mwenye kutaka kunitosha alete batu ba kubeba machine, ni ya chuma, ni nzito, na mi nitakuwa nimekaa juu yake.

Walinong'ona. Mujomba Anselme akasema karatasi ya Lubumbashi haijui bitu bya kwetu. Akamuuliza Mama Mudogo, juu ni yeye aliyeanzisha: Pélagie, we ulikuwa kule. Bulozi iko ao haiko?

Nilijitayarisha. Nilijua hatanipenda ghafla, si mutu wa namna ile. Alitosha kiatu kimoja mu muguu, akakipangusa vumbi, akakivaa tena.

"Bile byote byenye munamushitakia, haangalie batu, hasalimie, anapanga bitu, mi mwenyewe nimesema kule kwamba alikuwa nabyo tangu miaka mbili. Nimesema kwa kinywa changu. Sasa munijibu: mutoto wa miaka mbili anakula nani?"

Mujomba akashika kofia yake, akaigeuza ndani na inje.

"Lakini kiburi iko nayo," akaongeza, "hiyo ba Lubumbashi habakupima."

Mujomba akavaa kofia yake. Habakusema nimeshinda. Kwetu hakuna mutu anasema vile. Bamama baliamuka, bakaanza kuzungumza juu ya mchele wa kutosha kilio, nani ataleta, nani alisahau kuleta mara ya nyuma. Chumba ni changu. Bengine bado banavuka barabara bakiniona, bavuke, ina pande mbili.

Sasa, Yaya, jua kwamba hakuna mutu ananitangulia tena. Nikiingia pahali ninasimama, ninasema mi ni Odette, siangalie batu mu macho lakini ninasikia byote, useme tu. Bengine banacheka. Bengine banasema, ah, hata mi nina mutoto wa namna ile. Mama wa mandazi alinivuta pembeni akaniuliza ile shule ya Masere iko barabara gani.

Siku ya kutosha kilio chako itafika. Nitavaa kitambaa cha pamba. Kama machozi yanakuja, yakuje. Kama hayakuje, nitakaa karibu yako hivyo hivyo, na atakayetaka kuyatafuta usoni mwangu nitamwambia akae chini akulie wewe, si mi.

Ninakuahidi hii, mbele ya Mungu na mbele yako: sitafunga njaa mu chumba cha mutu yeyote ili nitoke nikiwa mutu mwingine. Na mutoto yeyote wa jamaa hii akizaliwa na kichwa cha namna yangu, bakitaka kumupeleka, bataniona.

Lala vizuri, Yaya wangu. Ulichoka juu yangu kabla meno yako kutimia, sasa pumzika. Na kama huko unapata nafasi ya kusema na Mungu, muombee Mama Mudogo magoti yake, muombee Mujomba akili. Lakini mi, usimuombe anibadilishe. Ukithubutu, siku nitafika nitagombana nanyi wawili.

Mudogo wako,
Odette